Saa Nane Usiku Atakuja Nani? Mwongozo Kamili wa Kuandika Saa na Tarehe Mombasa

Kadi mia tatu zilikuwa zimeshapangwa kwenye boksi pale mama wa bwana harusi alipovaa miwani yake, akachomoa moja na kuisoma kwa sauti mbele ya kaunta yangu: "Wageni watakaribishwa chakula saa 8:00 usiku." Akanyamaza. Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, nikialika watu saa nane usiku, watakuja wageni au watakuja wezi?"

Kosa lilikuwa langu. Maelezo nilikuwa nimetumiwa kwa simu na shemeji yao aliyeko Nairobi, tena kwa Kiingereza, na saa ya chakula ilikuwa 8 ya usiku kwa hesabu ya Kizungu. Maneno yote niliyageuza, tarakimu nikaiacha ilivyo. Kadi zilichapwa upya kwa hasara yangu, na tangu siku hiyo nina utaratibu ambao siuvunji hata mteja akiwa na haraka ya namna gani. Nauweka hapa kwa yeyote mwenye kuandika kadi ya mwaliko, tangazo la msiba, barua ya ofisi au hata ujumbe wa chama kwenye WhatsApp.

Kwanza: jiulize nani atasoma

Mombasa mtu mmoja huishi na saa mbili na kalenda mbili kwa siku moja. Asubuhi anasoma tiketi ya treni ya Miritini iliyoandikwa kwa saa 24, mchana ujumbe wa M-Pesa unamwambia kapokea pesa kwa saa ya Kizungu, jioni jirani anamwambia waonane "baada ya Magharibi". Hachanganyikiwi, kwa sababu anajua kila anayesema naye ni nani. Karatasi haina bahati hiyo. Ikishatoka mkononi mwako, itasomwa na nyanya wa mtaa wa Kuze, na mfanyakazi wa benki aliyehamishwa kutoka Nyeri, na binamu aliye Muscat.

Basi kabla ya kuandika tarakimu hata moja, wapange wasomaji wako kichwani. Wakiwa wote ni wa mtaani, saa ya Kiswahili inatosha. Ikiwa ni ofisi, tumia saa ya ofisi. Wakiwa mchanganyiko, kama ilivyo kwa karibu kila harusi, andika zote mbili. Sijawahi kuona mwaliko ulioharibika kwa kutaja saa mara mbili.

Pili: geuza saa kwa hesabu, usigeuze kwa mazoea

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua likichomoza. Kwa kuwa tuko kama digrii 4 tu kusini mwa ikweta, jua letu halina ujeuri: mwaka mzima huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili, likisogea mbele au nyuma kwa nusu saa hivi. Ndiyo maana hesabu hii imetufaa miaka yote. Hatuko peke yetu, maana Wahabeshi nao huhesabu saa zao kuanzia asubuhi kama sisi.

Kutoka saa 24 kwenda Kiswahili, fuata hivi. Saa ikiwa chini ya 7, ongeza 6. Ikiwa kati ya 7 na 18, toa 6. Ikizidi 18, toa 18. Dakika usiziguse kabisa. Kwa hiyo 05:15 ni saa kumi na moja na robo alfajiri. 14:00 ni saa nane mchana. 18:20 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. 22:30 ni saa nne na nusu usiku. Na 00:10 ni saa sita na dakika kumi usiku. Mwenye saa ya mishale hahitaji hesabu: atazame mshale mfupi, kisha asome namba iliyo upande wa pili wa uso wa saa. Watoto wa madrasa hufundishana hivyo kwa dakika moja.

Penye kuponza zaidi ni kasorobo. Tiketi ikisema 08:45, ukitoa sita unapata mbili na dakika arubaini na tano, lakini mdomoni hiyo ni saa tatu kasorobo. Mtu akiona mbili kwenye hesabu yake huandika "saa mbili kasorobo", na tayari amempoteza msomaji saa nzima. Ukifika kwenye robo ya mwisho, jisomee kwa sauti kwanza.

Sasa, tarakimu au maneno? Magazeti ya Kiswahili huandika "saa 2:00 usiku", na si makosa. Ila kwa kadi na matangazo ya hapa kwetu mimi nimeacha. Msomaji anayeona 2:00 hajui kama aliyeandika alikuwa akifikiri Kiswahili au alinakili Kiingereza, kama nilivyofanya mimi. Kanuni yangu: saa ya Kiswahili naiandika kwa maneno, saa ya ofisi naiandika kwa tarakimu nne za saa 24, na sizichanganyi. "Saa mbili usiku (20:00)". Nane na mbili haziwezi tena kugombana, kwa sababu 20 haipo kwenye saa ya Kiswahili.

Tatu: saa isiachwe bila wakati wake

Saa kumi na mbili ipi? Ya macheo au ya machweo? Neno la wakati ni sehemu ya saa yenyewe, wala si pambo. Kwa matumizi ya hapa, kuanzia saa kumi hadi kabla jua kutoka ni alfajiri. Baada ya hapo hadi saa tano na ushei ni asubuhi. Kuanzia saa sita hadi kama saa tisa ni mchana. Saa kumi ni alasiri, na wengi huiita jioni. Jioni huisha giza likiingia, na saa moja tayari ni usiku. Saa nane na tisa za usiku ni usiku wa manane. Mipaka hii hailingani kwa kila mtu, na haina haja ya kulingana. Inatosha ikiwa msomaji hawezi kuichukua saa yako akaipeleka upande wa pili wa siku.

Kwenye fomu za Kiingereza zenye AM na PM, mtego uko kwenye 12 tu. Saa sita mchana ni 12 PM, na saa sita usiku ni 12 AM, jambo ambalo huwatatiza hata Waingereza wenyewe. Usiiandike 12 kabisa. Ukitangaza mwisho wa kupokea kitu, andika 23:59 pamoja na tarehe. Kila mwaka watu hubishana dukani kwangu juu ya ritani za kodi za KRA ambazo mwisho wake ni 30 Juni: je, saa sita ya usiku ni ile inayoingiza tarehe 30 au ile inayoitoa? Dakika moja kabla ya saa sita inaumaliza ubishi.

Nne: usiku ni wa siku gani?

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi na wateja, na ndipo Mombasa ilipo na utajiri wake na taabu yake.

Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo Waswahili wa pwani tumelelewa nayo, siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Mji wa Kale ni ule usiku unaofuata mchana wa Alhamisi, usiku ambao watu husoma Yasini. Kijana aliyesoma shule akiambiwa "usiku wa Ijumaa" atakuja siku ya pili yake, Ijumaa baada ya Isha, akute viti vimeshakunjwa na sinia zimeshaoshwa. Nimewaona wote wawili wakibishana, kila mmoja akiapa kuwa amefika kwa wakati, na wote walikuwa wa kweli.

Kisha kuna saa ya ofisi, ambayo siku yake hubadilika saa sita usiku. Chukua tiketi ya ndege iliyoandikwa 6 Juni 2026, 00:30. Tarehe hiyo ni Jumamosi. Msafiri anayesema "nasafiri Jumamosi usiku" atafika uwanja wa ndege wa Moi na sanduku lake saa tatu usiku ya Jumamosi, ndege ikiwa imeondoka saa ishirini na nusu kabla. Alitakiwa atoke nyumbani Ijumaa baada ya Isha.

Dawa ninayoitumia ni neno moja ambalo Kiswahili kimetupa bure: kuamkia. "Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi" hauna tafsiri mbili, kwa mzee wala kwa kijana. Lifanye kuwa desturi kwa jambo lolote lililo kati ya Magharibi na Alfajiri: arusi, maulidi, hitima, safari, mkesha wa kanisani, hata ratiba ya bawabu wa zamu ya usiku. Kwa ndege na basi la usiku wa manane, ongeza saa ya kutoka nyumbani, maana ndiyo msafiri anayoihitaji kwa kweli: "Ijumaa 5 Juni, tuwe uwanjani saa tatu na nusu usiku (21:30), ndege inaruka saa sita na nusu, kuamkia Jumamosi 6 Juni (00:30)." Ni ndefu, najua. Tiketi nyingine ni ndefu kuliko hiyo, kwa pesa.

Tano: tarehe, na mwezi uandikwe kwa jina

Kenya tunaandika siku, kisha mwezi, kisha mwaka, kama tulivyorithi kwa Waingereza. Marekani huanza na mwezi. Uchina na Japani huanza na mwaka. Kwa hiyo 05/06/2026 kwetu ni Ijumaa tarehe 5 Juni, na kwa Mmarekani ni Jumatano tarehe 6 Mei. Mwezi mzima umepotea, na hakuna aliyekosea.

Kwenye mji wa bandari hili si jambo la vitabuni. Makopo ya maziwa na dawa za kutoka Marekani zimo madukani, na siku ya kuharibika kwake yaweza kuwa imeandikwa mwezi kwanza. Namba moja ikizidi 12, umepona: hiyo ndiyo siku. Zote zisipozidi 12, tafuta tarehe ya kutengenezwa kwenye kopo hilohilo, kwa kawaida imeandikwa kwa mtindo uleule, na pengine yenyewe ina namba kubwa itakayokufichulia mpangilio.

Kwa unachoandika wewe, njia ni nyepesi: mwezi kwa jina, mwaka kwa tarakimu nne, na jina la siku mbele. "Ijumaa, 5 Juni 2026". Jina la siku ni mlinzi wa tarehe. Ukikosea tarakimu, jina litakusuta, na mteja atapiga simu kabla ya siku kufika. Ila hakikisha umetazama safu sahihi ya kalenda, kwa sababu kalenda nyingine huanza wiki kwa Jumatatu na nyingine kwa Jumapili, na jicho lililozoea moja husoma nyingine kwa upofu. (Na sisi je, tunaanzia wapi? Majina yenyewe yanasema: mosi ya juma ni Jumamosi, siku inayoifuata Ijumaa. Kisha hesabu yetu inafika tano siku ya Jumatano, na Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, ikaingia nyuma yake kwa sababu Waarabu walianza kuhesabu Jumapili. Tuna siku mbili za tano katika juma moja na hatujawahi kukosana kwa hilo.)

Juni na Julai kwenye simu yenye kelele husikika sawa. Ndiyo maana watu husema "mwezi wa sita", "mwezi wa saba". Kwa mdomo sema hivyo. Kwa karatasi andika jina. Tarehe ya kwanza ya mwezi bado wengi huiita tarehe mosi, na ya pili tarehe pili. Yote mawili ni Kiswahili safi hata kwenye barua ya ofisi.

Mafaili ya kompyuta ndiyo pekee ninayoyaandika kwa mtindo wa mwaka kwanza: 2026-06-05. Huo ndio mpangilio wa kimataifa, ISO 8601, na faida yake ni kwamba kompyuta ikiyapanga mafaili kwa majina, yanajipanga yenyewe kwa tarehe. Usiupeleke kwenye kadi ya harusi, tafadhali.

Sita: hati ya gari kutoka Japani

Sikutaka kuliweka hili, lakini hakuna wiki inayopita bila mtu kuniletea karatasi ya gari nimsomee mwaka. Japani wana kalenda yetu hii ya kawaida, lakini hati zao nyingi za serikali huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza 8 Januari 1989 na kuisha 30 Aprili 2019. Enzi ya Reiwa ikaanza siku iliyofuata, 1 Mei 2019.

Hesabu: Heisei, jumlisha 1988. Reiwa, jumlisha 2018. Heisei 30 ni 2018. Reiwa 2 ni 2020. Mwaka wa 2019 una majina mawili: ni Heisei 31 hadi Aprili na Reiwa 1 kuanzia Mei. Nao huandika mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa hiyo 30, 9, 12 chini ya Heisei ni 12 Septemba 2018. Mtu asiyejua huona 30 akadhani ni siku ya mwezi, kisha akatafuta mwaka asiuone.

Kwa nini ujali? Kwa sababu sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Ukikosea mwaka mmoja kwenye enzi, unajua umekosea gari likiwa limeshashushwa Kilindini. Lisome kabla ya kutuma pesa, na uandike mwaka wa kawaida kwa kalamu pembeni ya nakala yako.

Saba: tarehe ya Hijria

Familia nyingi hupenda tarehe ya Kiislamu iwepo kwenye kadi. Miezi yenyewe kwa Kiswahili hupangwa kwa kufungua saumu: baada ya Ramadhani ni Mfungo Mosi, ambao siku yake ya kwanza ni Idi, kisha Mfungo Pili, Mfungo Tatu wenye Idi ya kuchinja tarehe 10, na kuendelea hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Maulidi ni tarehe 12 ya Mfungo Sita. Andika "Mfungo" kila mara. Ukiandika "mwezi wa nne" ukiwa na maana ya Mfungo Nne, msomaji ataelewa Aprili, na Mfungo Nne ni Muharamu, mwezi unaofungua mwaka wa Hijria.

Mambo mawili yakumbuke. La kwanza, mwezi huandama kwa kuonekana, na hata baada ya Kadhi Mkuu kutangaza, misikiti miwili ya mtaa mmoja yaweza kuwa na tarehe mbili. Tarehe 5 Juni 2026 ni 18 au 19 Mfungo Tatu 1447, kutegemea mwezi ulivyoonekana. Muulize mwenye harusi msikiti wao unafuata mwandamo upi, na ukichapa mapema ongeza "kwa mwandamo wa mwezi". La pili ni lile la usiku tena: nikaha ikifungwa Ijumaa baada ya Isha, tarehe ya Hijria tayari imesonga mbele kwa siku moja, maana jua limetua. Tarehe ya Kizungu inabaki 5 Juni, ya Hijria inakuwa ya kesho yake. Wachapaji wengi hulisahau, na shehe wa kwanza kuisoma kadi hulikumbuka.

"Baada ya Isha" yenyewe ni saa nzuri sana kwa wanaosali. Kwa wasiosali, ongeza saa: Isha yetu, kwa mwaka mzima, huangukia kati ya saa moja na robo na saa mbili kasoro kidogo usiku. Mgeni wa kutoka bara akiandikiwa saa mbili usiku (20:00) hatakosa wala hatasubiri sana.

Nane: jamaa wa ng'ambo

Kwa wale watakaofuatilia harusi kwa simu, andika saa ya Mombasa na useme ni ya Mombasa. Dubai na Muscat wako mbele kwa saa moja. Jeddah tuko sawa. London ndiko kwenye kuzunguka, kwa sababu wao husogeza saa zao: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi tunawatangulia kwa saa mbili, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba tunawatangulia kwa tatu. Sisi hatusogezi. Usijaribu kuwaandikia saa ya kila mji. Simu zao zitawafanyia.

Tisa: maneno ya kuondoa

"Jumapili ijayo" ifute. Nusu ya watu huelewa hii inayokuja, nusu huelewa ya wiki ya pili. Sema "Jumapili hii, tarehe 7". "Kesho kutwa" na "mtondo" ni maneno matamu kwa mdomo, lakini kwenye ujumbe uliosambazwa kutoka kundi hadi kundi haijulikani uliandikwa siku gani. Nimeshaona tangazo la maziko, "kesho saa saba mchana", likiendelea kuzunguka siku mbili baada ya marehemu kuzikwa.

Mwisho: msomee mtu

Kabla ya kuchapa, natoa nakala moja tu ya majaribio, nampa mteja anisomee kwa sauti, kisha namuuliza: "Sasa niambie, nitoke nyumbani siku gani na saa ngapi?" Akisita, nabadilisha.

Yule mama alirudi mwaka uliofuata kwa harusi ya mwanawe wa pili. Nilimpa nakala. Akavaa miwani, akasoma polepole: "Usiku wa Ijumaa, 5 Juni 2026, kuamkia Jumamosi, baada ya sala ya Isha, saa mbili usiku, ishirini kamili." Akaivua miwani, akaitia mkobani.

"Haya, chapa. Na wino usifubae kama ule wa mwaka jana."